Aliyeingizwa Akatolewa

Jumamosi ya tarehe 20 Februari 2021, katika uwanja wa St Mary's mjini Southampton, kulitendeka jambo ambalo hadi leo hutajwa kila mara mwalimu mwingine wa kandanda anapolirudia. Kijana Callum Hudson-Odoi wa Chelsea, aliyekuwa na umri wa miaka 20, aliingizwa mchezoni mwanzo wa kipindi cha pili. Ilipofika dakika ya 76, kibao kiliinuliwa kikiwa na namba yake. Kijana alikuwa hajaumia. Alikuwa amecheza nusu saa tu, naye akatoka uwanjani, akampisha Hakim Ziyech, akarudi kuketi na wachezaji wa akiba alioketi nao kipindi cha kwanza.

Mwalimu aliyetoa amri hiyo ni Thomas Tuchel, Mjerumani ambaye mwanzo wa mwaka 2025 alikabidhiwa timu ya taifa ya Uingereza. Wakati ule alikuwa hajatimiza mwezi mmoja katika kazi yake ya Chelsea. Alipoulizwa na waandishi baada ya mchezo, hakuficha kitu. Alisema kwamba hakuridhishwa na moyo wa kijana huyo, wala nguvu zake, wala jinsi alivyokuwa akiwakabili wapinzani mpira ulipopotea. Aliongeza kwamba uamuzi huo ulikuwa mgumu, lakini Chelsea humdai kila mtu atoe nguvu zake zote, na kwamba kesho yake jambo hilo litakuwa limesahauliwa.

Halikusahauliwa. Nasi tunalirudia leo, miaka kadhaa baadaye, kwa kuwa tunaona kwamba mambo ya namna hii yatazidi kutokea, na kwamba walimu wetu wa timu za mitaa na za shule, ambao huitazama ligi ya Uingereza katika vibanda vya kuonyeshea mpira kila mwisho wa juma, huyachukua mengi wanayoyaona huko bila ya kuyachuja.

Maoni yetu ni haya. Tuchel alikuwa na haki kamili ya kumtoa kijana yule, na huenda mchezo wenyewe ulimlazimu. Lakini badiliko la pili lilikuwa ushahidi kwamba badiliko la kwanza halikufaa, na aliyelifanya badiliko la kwanza hakuwa Hudson-Odoi. Mbele ya waandishi hesabu ya makosa yote mawili ilikabidhiwa mtu mmoja, tena aliye mdogo kuliko wote waliohusika.

Ili tusimwonee mwalimu, yafaa hali ya siku ile ielezwe kama ilivyokuwa. Tuchel aliipokea Chelsea tarehe 26 Januari 2021, siku moja baada ya Frank Lampard kuachishwa kazi. Alianza kwa kutoka sare na Wolverhampton, kisha akashinda michezo mitano mfululizo. Southampton, kwa upande wao, walikuwa wamepoteza michezo sita ya ligi kwa mfuatano, na katika mojawapo, tarehe 2 Februari, walifungwa na Manchester United mabao 9 kwa 0. Kila mtu alitazamia kwamba Chelsea wangewala mapema. Badala yake, katika dakika ya 33, Mjapani Takumi Minamino aliwapatia Southampton bao, na wageni wakaenda mapumziko wako nyuma.

Hapo ndipo mwalimu alipomtoa mshambuliaji Tammy Abraham na kumwingiza Hudson-Odoi. Dakika ya 54 Mason Mount aliangushwa ndani ya eneo la hatari, akaupiga mkwaju wa penalti mwenyewe, na mambo yakawa 1 kwa 1. Chelsea walikuwa na muda mwingi wa kutafuta bao la pili. Hawakulipata, na mchezo ukamalizika hivyo hivyo.

Jambo moja linalosahauliwa na wengi ni idadi ya mabadiliko. Katika msimu ule klabu za ligi kuu ya Uingereza zilikuwa zimekataa kanuni ya mabadiliko matano iliyoruhusiwa mwaka 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona. Zilibaki na matatu. Kwa hiyo, Tuchel alitumia mabadiliko mawili kati ya matatu aliyokuwa nayo kwa nafasi ile ile moja. Mwalimu hafanyi hivyo kwa mzaha. Mtu akiwa na shilingi tatu mfukoni, akatoa mbili kununua kitu kimoja, ujue kitu hicho kinamkera sana au anakihitaji sana.

Sasa, alikuwa akikitaka nini? Jambo lenyewe laeleweka upesi na mtu yeyote aliyewahi kucheza. Zamani mshambuliaji alipopoteza mpira alisimama, akaweka mikono kiunoni, akawaachia viungo na mabeki kazi ya kuutafuta. Siku hizi, hasa kwa walimu wa shule ya Kijerumani aliyotoka Tuchel, mpira ukipotea ndipo kazi ya mshambuliaji inapoanza. Sekunde tano au sita za mwanzo ndizo zenye thamani, maana adui aliyeunyakua mpira hajajipanga bado, na akibanwa na watu watatu kwa pamoja huupoteza karibu na lango lake. Lakini kazi hiyo ni kama ya wavuvi wanaokokota jarife. Watu kumi wakivuta na mmoja akalegeza kamba, samaki hutokea pale pale alipolegeza, na jasho la wale kumi huwa limepotea bure. Mwalimu anayeona kamba imelegea upande mmoja, naye anataka bao katika robo saa iliyobaki, hawezi kungoja mpaka mchezaji ajisikie vizuri. Atamtoa.

Wapo wasemao kwamba heshima ya mchezaji yadai aachwe amalize mchezo alioingizwa. Sisi hatukubaliani nao. Timu si ya mchezaji mmoja, wala si ya mwalimu. Wale kumi wengine nao wana heshima yao, na hakuna heshima katika kulazimishwa kubeba mzigo wa mwenzako kwa sababu tu mwalimu anaona haya kurekebisha alichokifanya. Mwalimu anayeshikilia uamuzi mbaya ili asionekane amekosea ni wa hatari kuliko anayekosea mara mbili mbele za watu. Kwa hilo Tuchel anastahili sifa, na wengi waliomlaumu siku ile walimlaumu kwa jambo ambalo halikuwa kosa lake.

Tumwangalie na kijana. Hudson-Odoi hakuwa mchezaji wa kuokotwa. Alilelewa na Chelsea tangu utotoni. Mwaka 2017 alikuwa katika kikosi cha Uingereza kilichotwaa Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 nchini India, kwa kuwafunga Wahispania mabao 5 kwa 2 katika fainali. Januari 2019 Bayern Munich walimtaka, na Chelsea wakakataa kumwachia. Mwezi Machi mwaka huo huo aliichezea timu ya taifa ya wakubwa akiwa na umri wa miaka 18. Mwezi mmoja baadaye, katika mchezo na Burnley, mshipa wa kisigino ukamkatika. Wachezaji wajua maana ya jeraha hilo. Winga anayetegemea mbio fupi na kugeuka ghafla huishi kwa kisigino chake, na hata daktari akisema umepona, mguu wenyewe hukaa muda mrefu kabla ya kuliamini neno la daktari. Machi 2020 akawa tena mmoja wa wachezaji wa mwanzo wa ligi ile kutangazwa kuwa na virusi vya korona.

Hapo ndipo alipofika Tuchel, akambadilishia kazi. Kijana aliyezoea kuanza mashambulizi karibu na mstari wa wapinzani aliambiwa acheze kama beki wa pembeni anayepanda na kushuka, kuanzia kibendera cha kona cha huku hadi cha kule. Aliifanya kazi hiyo katika mchezo wa kwanza kabisa wa mwalimu huyo, na akasifiwa. Kisha siku ya Southampton akaingizwa mahali pa mshambuliaji, timu ikiwa nyuma kwa bao moja, mbele ya viti vitupu, kwa kuwa maradhi yalikuwa yamewafungia watazamaji nje.

Hatusemi haya ili kumtetea kwa uvivu, kama alikuwa mvivu. Huenda siku ile alizembea kweli. Tunayasema kwa sababu kila moja ya mambo hayo lilijulikana na mwalimu kabla ya kumwambia avue koti. Mwalimu ndiye aliyekaa naye mazoezini juma zima. Mwalimu ndiye aliyemtazama machoni wakati wa mapumziko. Kama kijana hakuwa tayari, basi kulikuwa na watu wawili wasioliona hilo, na mmoja wao analipwa mshahara kwa ajili ya kuliona.

Kuna methali inayopendwa mno na walimu wakali, isemayo samaki mkunje angali mbichi. Ni methali ya kweli. Lakini wanaoitaja husahau kwamba samaki hukunjwa kwa mkono, taratibu, asije akavunjika. Tena hukunjwa jikoni. Hatujapata kumwona mtu anayemkunja samaki mnadani, wanunuzi wakiwa wamezunguka.

Mabadiliko ya wachezaji yalianza kama huruma, na yafaa historia hiyo ikumbukwe. Kwa muda mrefu mchezaji aliyeumia alikuwa hana wa kumpokea. Alisogezwa pembeni achechemee, au timu ilimaliza ikiwa na watu kumi. Mwaka 1956, katika fainali ya Kombe la FA, kipa Bert Trautmann wa Manchester City alimaliza mchezo akiwa na shingo iliyovunjika. Ligi ya Uingereza iliruhusu mchezaji wa akiba mwaka 1965, kwa majeruhi peke yao, na wa kwanza alikuwa Keith Peacock wa Charlton, tarehe 21 Agosti. Mwaka 1967 sharti la kuumia likaondolewa. Kombe la Dunia likafuata mwaka 1970 huko Mexico. Kwa hiyo, katika muda wa miaka mitano hivi, kile kilichobuniwa kwa ajili ya kumsaidia aliyeanguka kiligeuka kuwa chombo cha kupimia watu. Wala hatulilii jambo hilo, kwani mchezo umependeza zaidi kwa ajili yake. Twasema tu kwamba mchezaji anayeitwa nje akiwa mzima amehukumiwa, na anayeitwa nje baada ya kuingizwa amehukumiwa kwa haraka.

Msomaji atauliza, je, kila anayeingizwa na kutolewa huaibika? La. Mifano miwili yatosha kuonyesha jinsi kitendo kile kile kinavyoweza kuwa na maana mbali mbali.

Tarehe 7 Julai 2021, katika nusu fainali ya Kombe la Ulaya uwanjani Wembley, Gareth Southgate alimwingiza Jack Grealish katika kipindi cha pili dhidi ya Denmark. Muda wa nyongeza ulipofika na Uingereza ikawa mbele kwa mabao 2 kwa 1, Southgate alimtoa Grealish na kumwingiza beki Kieran Trippier ili kulilinda bao. Grealish alikuwa na umri wa miaka 25 na alikuwa kipenzi cha watazamaji. Hakuna aliyesema kwamba amefedheheshwa, maana sababu ilionekana na kila mwenye macho: mlango ulikuwa ukifungwa, na fundi wa kufungua milango hakuhitajika tena. Uingereza ikaenda fainali.

Mfano wa pili ni wa Chelsea wenyewe. Oktoba 2015 José Mourinho alimwingiza Nemanja Matić wakati wa mapumziko, Chelsea wakicheza nyumbani, tena na Southampton hao hao, na akamtoa kabla mchezo haujaisha. Chelsea walifungwa 3 kwa 1. Matić alikuwa na umri wa miaka 27, na miezi michache nyuma alikuwa ametwaa ubingwa wa ligi. Watu walisema kwamba hakuna tena maelewano baina ya wawili hao. Mourinho aliachishwa kazi mwezi Desemba mwaka huo. Lakini mwaka 2017, akiwa Manchester United, mtu aliyemnunua kutoka Chelsea alikuwa nani? Matić. Kwa watu wazima wawili wanaojuana vyema, sehemu ya kipindi kimoja haikutosha kuvunja heshima iliyojengwa kwa miaka.

Tofauti ya kijana ni hiyo. Matić alikuwa na medali sandukuni za kumfariji. Alipotoka uwanjani wote walijua yeye ni nani. Kijana wa miaka 20 bado anaandikwa. Anayeliandika jina lake zaidi ya wote ni mwalimu, kwa sababu watazamaji, waandishi, hata wachezaji wenzake, humtazama mwalimu ili wajue wamthamini vipi. Mwalimu akisema mbele ya vyombo vya habari kwamba mchezaji wa umri huo hana moyo, amemwekea alama ambayo itasomwa na kila mwalimu atakayemfuata na kila klabu itakayofikiria kumchukua. Kusema kwamba mtu alikosea pasi ni kusema habari ya pasi. Kusema kwamba hana moyo ni kusema habari ya mtu.

Tunajua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba mwalimu aliulizwa, na kwamba tusingependa adanganye. Ni kweli, hatupendi waongo, na yapo majibu ya mkato yanayotolewa na walimu wengi baada ya michezo ambayo hayana faida kwa yeyote. Lakini ukweli wa siku ile ulikuwa na sehemu mbili, na iliyosemwa kwa nguvu ilikuwa moja. Mwalimu angaliweza kusema: nilidhani atatusaidia leo, sikumpima sawasawa, nikalazimika kubadilisha tena, mengine nitazungumza naye mwenyewe. Hapo pasingekuwa na uongo. Nidhamu ya timu isingepungua hata kidogo, kwa kuwa kijana alikuwa amekwisha kutolewa, na kutolewa ni adhabu inayojitosheleza.

Jambo hili halihusu mpira peke yake. Katika ofisi zetu na viwandani vijana hupandishwa vyeo Jumatatu na kuteremshwa Ijumaa, na barua ya kuteremshwa hutaja upungufu wa kijana kwa kirefu, huku ikiwa haina hata mstari mmoja juu ya yule aliyeitia sahihi barua ya kwanza. Lakini leo tubaki uwanjani.

Tuchel alifanya jambo lingine, nalo ndilo linalotufanya tusite kumhukumu kwa ukali. Alikuwa amesema kwamba kijana bado ana nafasi ya kuanza katika mchezo unaofuata, na mchezo uliofuata haukuwa wa kawaida. Ulikuwa na Atlético Madrid katika Kombe la Mabingwa wa Ulaya, Jumanne tarehe 23 Februari, huko Bucharest, kwa kuwa maradhi yalizuia usiichezwe Hispania. Orodha ilipotolewa, Hudson-Odoi alikuwamo miongoni mwa kumi na mmoja wa kwanza. Siku tatu tu zilikuwa zimepita. Chelsea walishinda 1 kwa 0 kwa bao la Olivier Giroud.

Walimu wanaomwiga Tuchel wa Jumamosi wangefanya vizuri kumwiga na Tuchel wa Jumanne. Lakini huyo wa Jumanne haigwi kwa urahisi, maana humgharimu mwalimu. Kumtoa mtu ni kazi ya dakika moja. Kumrudisha katika mchezo mkubwa kuliko ule uliomtoa ni kuweka kazi yako mwenyewe rehani mikononi mwa mtu uliyesema hakukufaa. Neno la aibu lilisemwa mbele ya dunia, na dawa yake ikatolewa mbele ya dunia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kumwaibisha mtu hadharani na kumwomba radhi chumbani ni hesabu isiyolingana.

Hatutaki kutia chumvi. Wapo watakaosema kwamba nusu saa ile ya Southampton ndiyo iliyoimaliza safari ya Hudson-Odoi Chelsea. Hatuoni ushahidi wa hilo. Aliendelea kuwamo kikosini, ingawa tarehe 29 Mei 2021, Chelsea walipoifunga Manchester City 1 kwa 0 mjini Porto na kutwaa Kombe la Mabingwa, yeye alitazama mchezo wote kutoka benchi. Agosti 2022 alikopeshwa Bayer Leverkusen. Septemba mwaka huo Tuchel mwenyewe akaachishwa kazi, kwa haraka ambayo labda ilimkumbusha jinsi inavyokuwa mtu kuitwa nje kabla ya wakati aliodhani ni wake. Mwaka 2023 Hudson-Odoi akauzwa Nottingham Forest. Mchezaji huondoka kwa sababu nyingi, na jeraha la kisigino ni mojawapo kubwa.

Sasa tuje kwetu. Tangu msimu wa 2022/23 ligi kuu ya Uingereza inatumia mabadiliko matano, baada ya kanuni hiyo kufanywa ya kudumu duniani. Kilichomgharimu Tuchel theluthi mbili ya akiba yake, leo kingemgharimu mbili kwa tano. Sheria haimkatazi mwalimu kumtoa aliyemwingiza. Humkataza tu kumrudisha aliyekwisha kutoka. Kwa vyovyote tutaliona jambo hili mara nyingi zaidi, na likionekana kule huigwa huku.

Na huku hali ni tofauti. Katika viwanja vyetu vingi hakuna chumba cha kuvalia. Mchezaji aliyetolewa hukaa chini ya mwembe au juu ya tofali, watazamaji wakiwa wamesimama hatua moja nyuma yake. Mjomba wake yumo, wenzake wa darasani wamo, na yule asiyeisha maneno wa kila mtaa yumo vile vile. Mwalimu hahitaji mkutano wa waandishi, kwa kuwa akipaza sauti mtaa mzima umesikia. Kijana wa miaka 15 anayeingizwa na kutolewa baada ya dakika kumi, akafuatiwa na maneno ya ‘huyu hana mpira kabisa', atapita katika maneno hayo akielekea nyumbani jioni ile, na asubuhi akienda shuleni. Wengine hawarudi tena mazoezini. Kila mtaa una vijana waliokuwa na mguu mzuri wa kushoto na sasa hawataki hata kuulizwa kwa nini waliacha.

Wenye kuzitunga sheria za mchezo wameliona hilo kwa njia yao. Katika mpira wa watoto na wa mitaani, sheria ya tatu inayaruhusu mashirikisho ya kila nchi kukubali mchezaji aliyetolewa arudi tena uwanjani. Maana yake ni kwamba kwa watoto kutoka si hukumu. Ni kupumzika, kunywa maji, kuelezwa kosa, na kurudi kulisahihisha kabla jua halijazama. Tungependa vyama vyetu vya wilaya na vya mikoa viitumie ruhusa hiyo katika mashindano yote ya vijana na ya shule, na waamuzi waelezwe. Haihitaji fedha. Tungependa pia kila mwalimu wa timu ya vijana, anapomtoa aliyemwingiza mwenyewe, amfuate pale alipokaa, ainame, amwambie kwa sauti ya chini ni nini alichomtuma na ni nini kilichokosekana, na kama alimtuma kazi asiyomfundisha, amwambie hilo nalo.

Watazamaji nao tusiwasahau, sisi wenyewe tukiwamo. Kicheko kinachopanda kibao kinapoinuliwa mara ya pili hutoka vinywani mwetu. Tumewahi kucheka hivyo, wala hatuoni fahari kulikiri.

Tarehe 14 Septemba 2024 Nottingham Forest walikwenda Anfield kupambana na Liverpool. Hudson-Odoi alianza mchezo akiwa benchi. Katika kipindi cha pili mwalimu Nuno Espírito Santo alimwingiza, na dakika ya 72 kijana aliupokea mpira upande wa kushoto, akaingia ndani, akaupinda kwa mguu wa kulia hadi wavuni. Lilikuwa bao pekee la mchezo. Mara ya mwisho Forest kushinda katika uwanja ule ilikuwa mwaka 1969.